Siku Kila Mtu wa Yakobi Alipokuwa na Kilo Tisini na Moja

Naomba mnicheke mapema, mmalize kabisa, halafu ndipo niendelee, maana nimechoka kukatishwa katikati ya habari. Ndiyo, mimi ndiye yule Injinia wa mizani. Ile mizani ya kijijini kwetu Yakobi iliyompima mchungaji ikampa kilo tisini na moja, kisha ikampimia bibi wa watu ndoo yake ya parachichi, ndoo moja tu na haikujaa, nayo ikaipa kilo tisini na moja. Nikienda nyumbani siku hizi hakosi mtu wa kuniuliza, tena kwa sauti ya upole kama anaulizia afya, "Na wewe Lusia, siku hizi una kilo ngapi?" Mimi hucheka na kupita, lakini moyoni sicheki, kwa sababu ile sehemu ya kuchekesha wote mnaijua, na ile nyingine hakuna anayeisimulia.

Kwanza niwaeleze kazi yangu, maana hata ndugu zangu hawaielewi. Niko Makambako, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, mimi na bosi wangu anayeitwa Kilasi (bosi ni heshima tu, hata mahindi ya kuchoma tunagawana). Tunaunda mizani za umeme. Tunachukua jukwaa la chuma, chini yake tunaweka kihisi cha uzito, pembeni tunafunga kikompyuta kidogo chenye kioo cha kuonyesha namba. Kihisi kinajua umeme tu, hakijui habari za kompyuta, kwa hiyo lazima awepo mkalimani kati yao, na huyo mkalimani ni kipande cha programu kinachokaa ndani kabisa ya mfumo, tunakiita draiva. Kazi yangu ndiyo hiyo, kumtunza mkalimani.

Sasa, draiva yenyewe sikuiandika mimi. Iliandikwa na Haule, kijana wa Ludewa aliyekalia kiti changu kabla yangu, kisha akarudi kwao kufundisha. Haule ni mtu mwema sana lakini anaandika programu kama mtu anayepakia mbao wakati mvua inakuja, yaani kila kitu kimo na kimefungwa, ila usiulize kiko wapi. Maelezo hakuandika hata mstari mmoja. Kila nilipofungua kazi yake nilikuwa napiga mluzi na kutikisa kichwa, na Kilasi alikuwa ananiambia, "Dada, mwache Haule wa watu, mizani si zinapima?" Zilikuwa zinapima kweli, hilo siwezi kumnyima.

Na kuna kitu kinaitwa kompaila. Ukimaliza kuandika programu yako, kompaila ndiyo inayoisoma yote na kuigeuza iwe lugha ya mashine. Ikikuta kosa, inagoma. Ikikuta kitu ambacho si kosa lakini kinatia shaka, haigomi, inakupa onyo na kuendelea na kazi, ni kama mama mkwe anayekohoa tu bila kusema neno. Draiva ya Haule ilikuwa na maonyo mengi. Kila nikiijenga upya, kioo kinajaa maandishi ya zambarau kutoka juu mpaka chini, na mimi nilikuwa nayaona yale maonyo kama uchafu uliolala uani.

Hapo ndipo mnielewe nilikotoka. Nimelelewa Yakobi na Shangazi Yusta, dada yake baba, na kwa Shangazi uani hapalali jani. Mgeni akitarajiwa ndio kabisa, tunafagia mbele, tunafagia nyuma, tunafagia hata njia ya kwenda kwa jirani, kwa sababu mgeni anaweza akapitia huko. Nimekua nikiamini kwamba ukikaribisha watu na taka zako zipo umewatukana. Na mizani hii ilikuwa inakwenda Yakobi kwa Shangazi, mbele ya watu walioniona nikitambaa.

Shangazi ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi. Kikundi chao kilikuwa na kidonda kimoja cha siku nyingi. Mnunuzi huja na lori lake, na mizani yake ya ndoano inayoning'inizwa kwenye mti, na kreti ukiipima dukani kwa jirani ina uzito huu, ukiifikisha kwenye lori imepungua. "Parachichi zetu zinakonda njiani," Shangazi alikuwa anasema, na watu wanacheka, lakini hakuna aliyethubutu kumkabili mnunuzi, kwa sababu parachichi ikishachumwa haisubiri, na yeye akiondoa lori lake umebaki nayo. Ndipo Shangazi akaleta wazo kwenye mkutano kwamba kikundi kiwe na mizani yake, kila mtu apime kwanza hapo, wote waone, ndipo waende kwa mnunuzi wakiwa na namba yao mkononi. Akasema mizani itatengenezwa na mtoto wa hapahapa.

Walikubali kwa shingo upande. Mzee Mgaya, ambaye ana shamba kubwa kuliko wote na maneno machache kuliko wote, alisimama akasema, "Mizani ya mnunuzi tunaijua inavyotuibia. Hii mpya hatujui itatuibia vipi." Watu wakanong'ona kwamba mzee kasema. Shangazi akajibu kwamba wampe siku moja tu ya mavuno, waione mizani ikifanya kazi mbele ya lori lenyewe, na ikiwashinda hatalitaja tena jambo hilo. Aliweka jina lake pale mbele ya watu wote, jamani, kwa ajili yangu.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Siku moja kabla ya kwenda, mizani imekamilika, imefungwa vizuri, inapima vizuri, nikasema ngoja nisafishe yale maonyo. Hakuna aliyenituma. Mnunuzi wa parachichi hawezi kusoma programu, mchungaji hawezi, Shangazi miwani yenyewe anaazima kwa jirani. Lakini nilikuwa naona kabisa kwamba siwezi kupeleka nyumbani kitu ambacho ndani yake kuna taka. Nikakaa chini na chai yangu nikaanza, onyo moja baada ya jingine, hapa aina ya namba hazilingani nikazilinganisha, pale kazi imetajwa bila kutangazwa nikaitangaza, na kila onyo lililotoweka nilikuwa nasikia raha ile ya kuona uani panaanza kung'aa.

Likabaki onyo moja. Lilisema hivi kwa ufupi, kwamba hapa umesoma kitu kutoka kwenye kifaa, umekiweka kwenye jina fulani, halafu hukukitumia popote. Nikatazama, na kweli, Haule alikuwa amesoma namba kutoka kwenye kihisi, akaiweka pembeni, basi, hakuigusa tena mpaka mwisho. Nikacheka peke yangu. Nikasema Haule naye, unachukua kitu cha watu wala hukitumii! Nikaufuta mstari mzima. Nikajenga upya na kioo kikanyamaza, hakuna onyo hata moja, na nikamwita Kilasi aje aone.

Kilasi akaja, akatazama, akauliza, "Umejaribu?"

Nilijaribu, msidhani sikujaribu. Nikaweka mfuko wa unga, ukasoma sawasawa. Nikazima. Baadaye nikawasha, nikaweka betri ya gari, ikasoma sawasawa, nikazima (nina tabia ya kuzima kila kitu, umeme wa kule tunausikilizia). Kilasi akasema labda nimpigie Haule nimuulize, kwa vile nimegusa kazi yake. Nikamwambia Haule ana maneno mengi, salamu zake peke yake zinamaliza salio. Hata laptopu niliiacha Makambako makusudi, kwa sababu niliona nikifika nayo nitaonekana sijiamini.

Basi siku ikafika. Yakobi asubuhi ile baridi ilikuwa ya kukata masikio, ukungu umekaa juu ya mashamba, watu wamevaa makoti na mabuti, wamewahi na kreti zao wamezipanga mstari. Lori la mnunuzi lilikuwa limeshafika, na kijana wake wa kupima alikuwa ametundika ndoano yake kwenye mti, ameegemea gari, anatutazama kwa adabu ya mtu ambaye hana wasiwasi. Shangazi alivaa kitenge chake cha sikukuu. Aliponiona nashusha mizani kwenye bajaji alinisalimu mbele ya watu kwa sauti kubwa, "Kamwene, Injinia!" Nikaitika, "Kamwene!" na nilijiona mrefu kuliko nguzo ya umeme.

Nikapewa nafasi niseme mawili matatu. Sikutosheka na mawili matatu, mwenzenu nikahutubia. Nikawaambia mashine haina ndugu wala rafiki, mashine haichoki, mashine haikosei. Nikarudia, mashine haikosei, na wengine wakapiga makofi. Kisha mchungaji akaomba, akaibariki kazi ya mikono yetu, na alipomaliza mtu mmoja akasema baba mchungaji mwenyewe apande awe wa kwanza, ili mizani ianze kwa baraka. Akavua koti, akapanda huku anacheka, namba zikakimbia zikasimama kwenye tisini na moja. "Mama mchungaji anakulisha vizuri!" mtu akapiga kelele, na vigelegele vikafuata, na Shangazi akanitazama kwa macho ambayo hata leo nikiyakumbuka nataka kujificha.

Akafuata Baba Eliya, na kreti zake zilizojaa mpaka juu. Tisini na moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema alijua tu. Akafuata Mama Upendo, kreti zake chache kuliko za Baba Eliya. Tisini na moja. Watu wakatazamana kidogo, na hapa ndipo ningenyamaza nikafikiri, lakini mimi nikasema kwa sauti, "Inawezekana kabisa, parachichi za Mama Upendo ni kubwa." Mama Upendo mwenyewe akazitazama parachichi zake kama anaziona leo.

Kisha akaja Bibi Mligo na ile ndoo. Ndoo ya lita kumi, nusu yake parachichi na nusu yake hewa. Akaiweka taratibu kwenye jukwaa, akajishika kiuno, akasubiri. Tisini na moja.

Bibi Mligo akauliza imesema nini, akaambiwa, akafikiri kidogo, akasema, "Basi mimi nimeridhika, nipelekeni hivyohivyo." Hapo kicheko kikapasuka, jamani, watu walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akamkamata kuku aliyekuwa anapita akamweka kwenye jukwaa, tisini na moja. Wakamwondoa kuku, jukwaa tupu, tisini na moja. Kijana wa ndoano kwenye lori alikuwa ameinama ameshika magoti anacheka. Nami nikacheka, nikasema ni baridi, kihisi hakijapata joto, nipeni dakika moja tu. Ile sababu ya baridi niliitunga palepale na ilinitoka kwa sauti ya kitaalamu kabisa.

Nikazima, nikawasha. Wakati mashine inaamka, Mzee Mgaya alikuwa amesogea aone, na mguu wake mmoja ameuegesha kwenye ukingo wa jukwaa, kama mtu anavyoegesha mguu popote akiwa anafikiri. Sikumwona, niliambiwa baadaye tu, akili yangu yote ilikuwa kwenye kioo. Namba ikatokea, kumi na nne, mzee akaondoa mguu, na mimi nikaona imepona kwa kuwa haikuwa tena tisini na moja. Nikasema, "Sasa iko sawa, leteni." Akaletwa mama mmoja ambaye shamba lake ni dogo na msimu huo ndio aliutegemea kwa ada ya mwanawe, na kreti zake zilizojaa. Kumi na nne. Akaitazama namba, akanitazama mimi. Baba Eliya akarudisha kreti zake ahakikishe. Kumi na nne.

Hapo hakuna aliyecheka. Ilipokuwa inawaongezea ilikuwa mzaha, ilipoanza kuwapunguzia ikawa kitu wanachokifahamu miaka yote. "Sasa imeanza kuiba," mtu akasema nyuma. Mwingine akasema wale wa mjini lao moja. Na mimi, badala ya kukaa kimya, nikasema tena iko sawa, labda kreti zimewekwa pembeni. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaitetea mara tatu ikiwa inasema uongo, na kila mara kwa uhakika uleule.

Nikaenda pembeni nikampigia Haule. Akapokea kwa furaha kama ndugu yangu wa tumbo moja.

"Lusia! Habari za huko? Makambako hawajambo?"

"Haule, sikiliza, mizani..."

"Hawajambo lakini? Kilasi mzima? Mama Kilasi alikuwa mgonjwa, anaendeleaje?"

"Mzima, Haule, wote wazima, mizani imeganda kwenye namba moja."

"Na shangazi yako? Maana uliniambia ndiye kakulea."

Nilitamani kulia. Nikajibu salamu zote moja moja, kwa sababu Haule ukimkatisha anaanza upya, na watu wananitazama, na kijana wa lori anatazama jua. Alipotosheka ndipo akauliza, "Imeganda kwenye namba ya kwanza baada ya kuwashwa?" Nikasema ndiyo. "Kuna mstari mmoja mle unasoma kitu halafu hautumii kilichosomwa. Upo?"

Nikasema nimeufuta.

Haule akanieleza bila kunifokea hata kidogo. Alisema kile kihisi kikishapata uzito kinaushika mkononi na kusimama nao, kinangoja mtu akiambie nimepokea. Kuambiwa kwenyewe ni kule kusomwa. Namba inayosomwa pale haina maana yoyote, hakuna wa kuitumia, lakini usiposoma, kihisi kinaona hakijaitikiwa, kinabaki kimesimama na uzito wake wa kwanza mpaka utakapokizima. "Ni kama mimi nilivyokuwa nakusalimu sasa hivi," akasema. "Majibu yako sina pa kuyapeleka, lakini usingeitika tungefika hapa?" Alisema onyo lilikuwa la haki, na dawa yake ilikuwa ndogo tu, ningeondoa lile jina na kuacha usomaji mahali pake. Nilikuwa nimefuta vyote viwili. Marekebisho ya mstari mmoja, na laptopu iko Makambako.

Nikarudi kwa Shangazi nikamwambia kweli yote kwa kifupi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Kwa hiyo ukiizima na kuiwasha jukwaa likiwa tupu, mara ile ya kwanza inasema kweli?" Nikasema ndiyo, mara ile moja inasema kweli tupu. Akasema inatosha.

Akawaomba watu wote wasogee nyuma, mpaka Mzee Mgaya na mguu wake. Nikazima, nikawasha, tukasubiri. Akachukua kreti yake moja akaiweka. Ishirini na saba. Akainyanyua yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaibeba mpaka kwenye mti wa mnunuzi akaitundika kwenye ndoano mbele ya wote. Sindano ikacheza ikasimama kwenye ishirini na mbili.

Jamani, ilikuwa ndiyo hiyo. Kile walichokuwa wanakinong'ona misimu yote kilikuwa kinaning'inia pale hadharani. Kreti ileile, hatua chache kati ya mizani moja na nyingine, na kilo tano zimepotea. Shangazi akamgeukia kijana wa mnunuzi akamwambia, "Mwanangu, nieleze."

Kijana hakuhangaika. Akatabasamu, akasema kwa heshima zote, "Mama, hii mizani yako si ndiyo iliyosema kuku ana kilo tisini na moja?"

Wote wakacheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Shangazi akasema lakini hii ya sasa ni ya kweli, na kicheko kikaongezeka, na akanigeukia mimi ili niseme. Nilifungua mdomo nikasema, "Hii ya sasa iko sawa," na nilipojisikia nikajua ni maneno yaleyale niliyoyasema kwenye kumi na nne, kwa sauti ileile. Baba Eliya akageuza uso. Ilikuwa namba ya kweli pekee kuhusu jambo lile ambayo Yakobi iliwahi kuonyeshwa, na mimi ndiye niliyefanya isiaminike.

Dereva wa lori akawasha gari, alikuwa na vijiji vingine mbele. Watu wakaanza kutazama kreti zao na kutazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda kwenye ndoano baada ya maneno yote yale. Ndipo Shangazi Yusta akachukua kreti zake, moja baada ya nyingine, akazipeleka yeye kwanza, akapimiwa kwa ndoano, akapokea alichopewa bila kukihesabu mbele yao, akasogea pembeni. Baada yake wengine wakafuata. Alifanya vile ili wao wasione aibu. Mimi nilikuwa nimesimama na mizani yangu na sikujua mikono niiweke wapi.

Nilirudi Makambako, nikaurudisha usomaji, na juu yake nikaandika maelezo marefu kwa Kiswahili safi, kwamba ewe utakayekuja baada yangu, usiuguse mstari huu, huku ndiko kuitika. Kilasi akasoma akacheka kidogo, akaniacha. Kisha nikapima unga, betri, matofali, Kilasi, unga tena, bila kuzima, siku nzima. Ilipima kila kitu kwa uzito wake. Nikaibeba nikaipeleka Yakobi peke yangu, bila hotuba.

Shangazi aliipokea, akaiweka sebuleni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Kikundi hakikuiomba. Kwenye uchaguzi uliofuata uenyekiti ulikwenda kwa Mzee Mgaya, na hakuna aliyemsema Shangazi vibaya, walimshukuru na kumpigia makofi, na yeye kama alivyoahidi hakulitaja tena jambo la mizani. Watu wanaendelea kupimiwa kwa ndoano. Nilipomwomba msamaha, maana siku ile nilishindwa hata kuanza, aliniambia, "Lusi, walipocheka sikuumia, kucheka ni kucheka. Niliumia pale iliposema kweli nikashindwa kuitetea."

Nikamuuliza sasa anaifanyia nini, imekaa tu? Akasema hapana, kila mavuno anapima kreti zake zote sebuleni kabla hajazipeleka kwenye lori, anafunga mlango anapima moja moja. Nikamuuliza inamsaidia nini wakati mnunuzi atapima kwa yake.

"Zamani nilikuwa nakisia wanachoniibia," akasema. "Sasa nakijua."

Basi mimi nimeapa mambo mawili na ninyi ni mashahidi. Sitaufuta mstari wa mtu mpaka nimpigie aliyeuandika, na nitaitika salamu zake zote mpaka ya mwisho hata zikimaliza salio. Na sitasimama tena mbele ya watu kusema mashine haikosei, kwa sababu ikikosea mimi nitarudi zangu Makambako, na wao ndio watakaobaki na lori.